Maji Niliyompa Kaka Yangu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka miguu yangu inapoa kwanza, kichwa kinafuata baadaye. Ilikuwa saa sita mchana, kiangazi cha ule mwaka wa vita vya maji, nami niko peke yangu ndani ya kanisa la matete, nimeshika fagio. Nitakufikisha hapo. Usiniharakishe, mwenda pole hajikwai.

Umeniambia umejiandikisha darasa la kipaimara, na kwamba katekista amekupangia kusoma somo Jumapili ijayo mbele ya watu wote. Umeniomba niende nikamwambie akutoe, kwa sababu unaona haya. Sitakwenda. Badala yake nimekaa na kalamu, maana mimi nami nilikuwa mzito wa kusema, nadhani nilikuzidi, na kama wewe nilikuwa mtu wa kuandika. Daftari langu la ujana bado ninalo. Mchwa wamekula pembe, lakini maneno yapo.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, au kumi na saba. Jina langu la nyumbani ni Tabu, unalijua. Mjerumani alikuwa ameshatukalia vizuri, na akida wake akitaka watu wa kubeba mizigo anachukua tu, kama mtu anayechuma mboga shambani kwake. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Michenga na mto, mwendo wa asubuhi moja kutoka kivuko cha Ifakara. Misheni kubwa za huku zilikuwa za mapadri wa Kirumi. Sisi tulikuwa na kijikanisa cha Kianglikana, tawi la mwisho kabisa, ambalo hata wakubwa wake huko mbali sidhani kama walilikumbuka kila siku. Kililetwa na mtu mmoja, Mwalimu Petro. Huyo alitekwa utotoni na wauza watu, akaokolewa pwani, akasomeshwa na Waingereza, halafu akarudi bara kwa miguu akitafuta kwao. Hakupaona. Alipofika kwetu alitua mzigo akasema, "Basi hapa patatosha."

Ndiye aliyenipeleka shule ya wasichana ya misheni, safari ya siku nyingi kwenda kusini. Nikakaa miaka mitatu. Nilirudi najua kusoma, kuandika na kushona. Kusema mbele za watu sikujifunza. Nyimbo nilikuwa nachezesha midomo tu, na sala za kuitikia niliitikia tumboni. Kwa hiyo nilijitwalia kazi zote za kanisa zisizohitaji mdomo. Nilifagia. Nilipanga vitabu vya sala juu ya ubao. Nilisiriba sakafu kwa udongo kila mwisho wa juma, na mtungi wangu wa maji ya kusiribia ulikaa ndani, kwenye kona ya kushoto, kwa sababu mbuzi wa jirani walikuwa wakija kuyanywa nje. Padri wa kubatiza alipokuja, mara moja kwa mwaka, mimi ndiye niliyechota maji mtoni kabla ya watu kuamka.

Hapo pana jambo la kukueleza. Maji yakishabarikiwa, yakishabatiza, yanayobaki hayachukuliwi na mtu yeyote. Yanamwagwa papo hapo kwenye shimo nyuma ya ukuta, mahali pasipokanyagwa. Kazi hiyo nayo ilikuwa yangu, na Mwalimu Petro alikuwa mkali juu yake. "Ukimpa mtu hata kijiko kimoja, binti," alisema, "kesho atakuja na kidonda chake, keshokutwa atakuja na jirani yake, na mtondo hutakuwa na kanisa tena, utakuwa na kilinge cha mganga."

Tena pana desturi nyingine, ya kwetu wenyewe. Binti akiulizwa jambo na baba yake au kaka yake, akainamisha uso akanyamaza, amekubali. Hata posa zilikwenda hivyo. Wazee wakikuuliza, "Huyu unamtaka?" hawangoji mdomo wako, wanatazama shingo. Mwalimu Petro hakuipenda. Nilipotakiwa kujibu maswali ya imani ili nivikwe msalaba wa wanafunzi wanaojiandaa kubatizwa, niliinamisha shingo, naye akanirudisha nyuma. "Kanisani hatuitiki kwa shingo," akasema. Nikabaki msikilizaji wa benchi la mwisho, mwaka wa pili huo, na watoto walio wadogo kwangu wananipita.

Sasa sikia habari ya kaka yangu. Alikuwa mvushaji wa mtumbwi pale kivukoni, na watu walimwita Chogo kwa ajili ya kisogo chake kilichotokeza. Hakuwa na hasira na jina hilo. Abiria wakimtania kwamba kichwa chake kitapindua chombo, aliwajibu, "Hiki ndicho kinachokisawazisha. Ningekuwa na kichwa kama chako tungeshazama." Mimi na yeye tulikuwa wa tumbo moja, wazazi wameshatangulia, na hakuna mtu niliyempenda kumzidi.

Kiangazi kile akida akamchukua kubeba mizigo. Siku hizohizo alizokuwa njiani, wakaja kijijini wajumbe wa dawa. Walikuja na vibuyu vya maji yaliyochanganywa na mtama, wakawanywesha wanaume, wakawanyunyizia kichwani, wakawafunga bua la mtama kwenye paji la uso. Risasi ya Mjerumani, walisema, ikimfikia aliyekunywa itageuka tone. Kisha wakaondoka kwenda vijiji vya mbele. Chogo aliporudi, mabega yamechubuka, maji yalikuwa yamekwisha na wajumbe hawapo.

Wenzake wakampokea kwa kelele. "Mkavu huyoo anakuja!" "Kaa hukohuko, usije ukatukaushia!" Mwingine akasema, "Wewe risasi haina haja ya kulenga. Itaona kisogo." Siku ya kwanza alicheka pamoja nao. Siku ya pili aliona hakuna anayekaa naye kula. Ya tatu, mzee mmoja akamwambia kwa upole kwamba siku ya kwenda Mahenge kulishambulia boma, yeye asitembee katikati ya watu. Afuate nyuma kabisa, kama maiti anayejipeleka mwenyewe.

Ndipo akanifuata kanisani. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Tabu, mdogo wangu. Yale maji ya kwenu huku, yale ya padri. Yapo?"

Padri alikuwa ameondoka siku nane nyuma, na maji nilikuwa nimeyamwaga shimoni kwa mikono yangu. Ilinipasa niseme maneno mawili tu: Kaka, nimeyamwaga. Nakuapia, mwanangu, niliyaweka mdomoni, nikayasikia ulimi ukiyagusa. Hayakutoka. Nami nilipoinua macho nikaona kaka yangu analia, mtu ambaye hata mama alipokufa alilia akiwa amegeukia ukuta. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nikajifanya jani la kushika. Nilichukua kibuyu chake, nikaenda kwenye kona ya kushoto, nikakijaza kutoka mtungi wa kusiribia. Maji ya mto, mwanangu, yenye udongo na vipande vya nyasi.

Akakishika kwa mikono miwili. "Ndiyo yenyewe?"

Nikainamisha uso.

"Na haya yanazuia risasi?"

Nikainama zaidi, hadi kidevu kikagusa kifua.

Akashusha pumzi ndefu. "Asante, mdogo wangu. Sasa na mimi ni mtu."

Siku hiyo nimeandika katika daftari: *Nimempa Chogo maji. Sikusema lolote.* Nilijiona mjanja, unaona? Nilifikiri kwa kuwa sikufungua mdomo, sikudanganya.

Waliondoka asubuhi, ukungu umelala bondeni hadi kiunoni. Hawakuimba. Tulizoea wanaume wakienda mahali wanaimba, hata kama ni kuvua tu. Hawa walipita kimya, mabua ya mtama vichwani, na ukungu ukawakata miguu, nikaona vichwa vinaelea. Pembeni ya njia palikuwa na kundi la sheshe, wale swala wetu wa bondeni ambao ukikohoa tu wanatimka. Hawakutimka. Waliendelea kula, midomo chini, na watu zaidi ya mia, wa kwetu na wa vijiji jirani, wanapita hatua kumi kutoka kwao, kama vile hapapiti mtu. Mimi niliona. Nimeandika pia.

Baada ya hapo palikuwa na siku za utulivu mbaya. Mwalimu Petro akaanguka homa, akalala katika kibanda chake nyuma ya kanisa, akitetemeka mpaka kitanda kinalia. Vyura wakanyamaza. Tai wakawa wanapita juu, mmoja mmoja, bila kuzunguka, wote wakielekea milimani.

Nikabaki na kanisa peke yangu. Nilikwenda kila siku kufagia ingawa hapakuwa na wa kuchafua. Bibi yangu alizoea kusema saa sita mchana ni saa ya kujihadhari, maana kivuli cha mtu kinaingia chini ya nyayo zake, na asiye na kivuli anaweza kupita bila kujulikana. Nilikuwa nimesoma, sikuyaamini hayo. Basi saa sita hiyo nikageuka na fagio langu, nikaona nyayo.

Zilianzia mlangoni. Nyayo za miguu mitupu, zimelowa, kama za watu waliotoka mtoni sasa hivi. Lakini mto ulikuwa mbali, na nje ya mlango vumbi lilikuwa kavu halina alama hata moja. Zilipita katikati ya kanisa, zikakata kushoto, zikaishia mbele ya mtungi wangu. Zote zinakwenda. Hakuna hata unyayo uliogeuka kurudi. Nilichuchumaa nikatenganisha kubwa na ndogo, nikapata watu wanne. Mmoja wao alikuwa akikanyaga kwa ubavu wa nje wa mguu, kama Baba Pili, jirani yetu. Nilizifagia. Fagio likapita juu yake bila kuzigusa. Zikakauka zenyewe, taratibu, kuanzia visigino.

Kesho yake: *Leo tena. Wanne. Sijamwambia mtu.*

Keshokutwa: *Leo tena. Wamesogea karibu zaidi na mtungi. Mtungi hauna kitu, nilishaumwaga.*

Ningemwambia nani? Jioni ya siku hiyo nilikuwa natwanga mpunga na Mama Pili, mke wa huyo jirani. Alikuwa mwanamke wa maneno na kicheko, mjamzito wa miezi saba.

"We Tabu, unatwanga kinu au unatwanga ardhi? Mchi unapita pembeni huo. Umeota mchumba?"

Nikatabasamu tu.

"Mwenzio jana nimemsikia Baba Pili anakohoa nyuma ya nyumba. Kikohozi chake nakijua, kama mbuzi aliyemeza ubua. Nikatoka mbio, wala! Hakuna mtu." Akacheka. "Atakuwa njiani huyo. Ametanguliza kikohozi."

Mchi ukanitoka mkononi. Na bado, mwanangu, sikusema.

Siku ya nne Chogo akarudi.

Nilimwona kutokea mlango wa kanisa, saa ileile. Alikuwa amelowa maji. Maji yalimtiririka kisogoni na kifuani, na jua lile la kukausha ngozi ya ng'ombe halikumfanya kitu. Baadaye niligundua kwamba kila alipokaribia kukauka alirudi mtoni akajitosa. Macho yake yalikuwa wazi sana, hayakupepesa. Nyuma yake walikuja vijana tisa wa kijijini, mkubwa wao hajaota ndevu, kila mmoja na kibuyu mkononi. Na nyuma ya vijana, akina mama wakikimbia kutafuta habari, Mama Pili mbele yao na tumbo lake.

"Tuambie, Tabu, wanaume wako wapi," mmoja akaniomba mimi, kana kwamba ndiye niliyejua.

Chogo akasimama mbele ya kanisa akanena kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Tulifika bomani. Wana bunduki moja inayosema bombombom haipumui. Nilizisikia risasi zinapita, zinaniuliza jina langu, na mimi sikujibu. Wanne wa hapa kwetu walikuwa nyuma yangu. Niliwaambia, simameni nyuma yangu, mimi nina ya kanisa. Wakaanguka wote wanne. Baba Pili wa kwanza. Mimi nikabaki nimesimama. Nimelala siku tatu katikati yao, nawangoja waamke. Hawakuamka. Mnajua kwa nini? Wao walikunywa ya vita. Mimi nilikuwa na ya kanisa." Akanigeukia. "Mdogo wangu atawajazia. Halafu tunarudi."

Wanne. Siku tatu. Nilihisi ubaridi ukitoka kule kona ya kushoto ukanishika nyama za miguu.

Mama Pili hakupiga yowe. Aliweka mkono juu ya tumbo, kama mtu anayesikiliza mlango.

Vijana wakanisogelea na vibuyu. Nilifanya nini? Nilikimbia. Nilizunguka ukuta nikaingia kibandani kwa Mwalimu Petro, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamweleza yote kwa kunong'ona, machozi na makamasi. Alikuwa amekauka midomo. Alijaribu kuinuka, mikono ikamkataa.

"Mwalimu, waambie wewe," nikamwomba. "Wewe watakusikia."

"Mimi?" Akacheka kidogo, kicheko cha homa. "Mimi nikisema watasema Mwalimu anawanyima dawa ya wazungu. Siri ya mtungi aijuaye kata, binti. Na kata ni wewe."

"Sijadanganya, Mwalimu. Sikusema neno."

Hapo akanitazama kwa namna ambayo hata leo nikifumba macho naiona. "Kaka yako alikuuliza akiwa na roho yake mkononi, wewe ukamjibu kwa shingo. Mdomo uliofungwa nao unadanganya, tena unadanganya vizuri zaidi, maana hakuna wa kuubishia. Umefagia kanisa hili miaka miwili ukijificha nyuma ya fagio. Tisa wako nje. Nenda."

Nilirudi. Sijui nilifikaje. Niliingia kanisani kwanza, nikapita mahali palepale nyayo zilipozoea kupita, nikaukumbatia ule mtungi wa kusiribia nikautoa nje nikauweka katikati yao.

Nikasema. Hakuna aliyesikia.

"Huyu anaongea na mbu?" kijana mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka mbaya, imekwaruza, kama mlango usiofunguliwa miaka. "Nilichota humu! Kaka, maji ya padri nilikuwa nimeshayamwaga. Kibuyu chako nilikijaza humu. Ni maji ya kusiribia sakafu."

Maji yanadondoka kutoka kidevuni kwa Chogo, tone, tone.

"Lakini hakufa!" akapaza sauti kijana yuleyule. "Yuko hapa! Basi yanafanya kazi hata hayo!" Wengine wakaitikia, "Kweli! Hakufa!" Mmoja akaanza kupekua ndani ya mtungi kwa mkono.

Hili ndilo sikuwa nimelitazamia, mwanangu. Nilidhani ukweli ukitoka uongo hujitenga wenyewe, kama methali inavyosema. Hujitenga, ndiyo, lakini unakwenda kutafuta mlango mwingine. Ningeweza kuwaambia ni Mungu aliyemwokoa. Wangenipenda kwa hilo, na wangeniomba huyo Mungu niwatilie kibuyuni. Nikasema nilichokuwa nacho.

"Sijui kwa nini hakufa. Sijui. Ila si kwa maji haya, na mkienda nayo mtakufa, na nitakuwa nimewaua mimi."

Chogo akasema, "Rudia."

Nikarudia, nikimtazama usoni, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumfanyia.

Akapepesa macho. Mara ya kwanza tangu afike. "Basi wale wanne," akasema polepole, "niliwaita wasimame nyuma ya nini?"

Akakitoa kibuyu kiunoni, akakiweka chini kwa uangalifu kama mtu anayelaza mtoto, akageuka akaifuata njia aliyojia.

Mama Pili alibaki ananitazama. Nilitaka anipige. Alisema tu, "Kwa hiyo ni wewe," akaondoka, mkono bado uko tumboni.

Vijana saba walirudi nyumbani siku ile. Wawili walikwenda Mahenge hata hivyo, wakajichotea mtoni wenyewe. Hatukuwaona tena. Sikufichi: niliokoa saba, sikuokoa tisa, na wanne wa kwanza sikuwaokoa kabisa.

Chogo alikuwa amekwenda kuwazika. Alirudi mwezi mwingine umeandama, amekonda, mkavu, kucha zimejaa udongo mwekundu wa milimani. Aliishi mpaka uzeeni. Katika njaa iliyofuata, askari walipochoma maghala na mpunga ulio mashambani, yeye ndiye aliyetulisha kwa kambale. Kanisani hakuingia kamwe, wala hakuniuliza tena jambo lolote kubwa. Tulizeeka tukiheshimiana kama watu wawili walioiba pamoja. Mara moja tu nilimweleza habari ya nyayo. Akasema, "Nilipokuwa nimelala pale, kila mchana walikuwa wakipoa zaidi. Nilidhani ni jua limekosa nguvu." Mimi nimesoma, na nimekuwa Mkristo zaidi ya miaka hamsini, na sina maelezo zaidi ya hayo. Tangu nilipousema ukweli, hazikuonekana tena.

Jumapili ya kwanza Mwalimu Petro alipoweza kusimama na mkongojo, tulikuwa watu sita kanisani. Nilikaa benchi langu la nyuma. Katikati ya zaburi mlango ukazibwa na kivuli. Mama Pili. Hakuwa mtu wa kanisa. Alikuja kwa sababu Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba wale wanne wataombewa kwa majina, wabatizwe wasibatizwe. Mabenchi yote ya mbele yalikuwa wazi. Akaja hadi kwangu, akasimama juu yangu.

"Sijakusamehe," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, watu wote wanasikia. "Sogea nikae."

Nikasogea.

Sasa, mwanangu, shika haya. Umeingia katika kanisa, na watakupa kazi, na kazi ni njema. Fagia, chota maji, panga vitabu, pika siku za sikukuu. Lakini usiifanye kazi ya mikono kuwa pazia la kufichia mdomo, kama nilivyofanya mimi. Kanisa ni watu wanaoulizana, na mtu akikuuliza neno ambalo ataweka uzito wake juu yake, mjibu kwa maneno, hata kama sauti inatoka mbaya, hata kama jibu ni "sijui." Hilo la "sijui" nalo ni neno la kanisa, usilionee haya. Kimya kina mahali pake, katika sala na kwenye msiba. Kisikae mahali pa jibu. Tena mtu akija akitaka umchotee Mungu kibuyuni, umhurumie, ulie naye ukiweza, ila usimjazie. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, na yaliyotolewa kwa uongo ni hivyohivyo. Na ukimkosea mtu, usingoje akusamehe ndipo umpishe nafasi. Mpishe kwanza.

Jumapili soma somo lako. Ukikosea, rudia. Mungu alifungue koo lako na ailinde midomo yako, akupe kaka na dada wasioogopa kukuuliza na moyo usioogopa kuwajibu. Wazee wetu waliolala Mahenge na waliolala bondeni wakuache upite kwa amani, na popote utakapokaa, awepo mtu wa kukaa kando yako. Amina.